Mjenge Liyongo kabla ya kulipa: kupima kama kitabu cha mchezo wa mashujaa kina thamani ya bei yake

Kitabu cha kanuni za mchezo wa kuigiza mezani, hasa ule wa mashujaa wenye nguvu za ajabu, huuzwa kwa macho. Jalada linang'aa, mtu anapaa juu ya maghorofa, na kufumba na kufumbua umeshalipa fedha za mbuzi mzima. Kitabu kikifika Lamu kinafunguliwa mara mbili, kisha kinapandishwa kidakani kupambia ukuta. Mwongozo huu unakipima kwa jambo moja: kinamwondolea msimulizi kazi kiasi gani usiku ule watu wameshakaa na wanamngoja yeye. Kitabu kinachomwachia kazi yote ni ghali hata kikiuzwa nusu bei.

Kwa asiyeuzoea mchezo wenyewe: huchezwa na watu watatu hadi sita. Mmoja ni msimulizi, anayeeleza mji, wabaya na matukio. Kila mmoja wa waliobaki ana shujaa wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu, dadu hutupwa. Hakuna ubao, na hakuna anayemshinda mwenzake.

1. Hesabu bei ya mlangoni

Bei unayoiona kwenye duka la mtandaoni ni mwanzo wa safari tu. Chukua kitabu cha jalada gumu cha dola 50, usafirishaji dola 30, na tuseme dola moja ni shilingi 130. Kitabu ni 6,500, usafirishaji 3,900, jumla 10,400. VAT ya asilimia 16 hukokotolewa juu ya vyote viwili, kwa hiyo ongeza 1,664. Umefika 12,064, na bado hujagusa ada nyingine za forodha, malipo ya kampuni ya vifurushi, nauli ya basi hadi Mokowe, boti na hamali.

Faili ya PDF ya kitabu hichohicho mara nyingi huuzwa chini ya nusu ya bei. Ikiwa ni dola 20, ni shilingi 2,600. Ikitozwa VAT, 3,016. Chapisha saiba kurasa 40 tu zinazotumika mezani, kwa mfano wa shilingi 10 kila ukurasa, ni 400. Jumla 3,416. Kulipa hakuhitaji akaunti ya benki: kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, hutumika kwenye maduka ya mtandaoni yanayopokea Visa.

Sasa gawanya. Watu watano, mikutano kumi na miwili, saa tatu kila mkutano, ni saa 180 za watu. Kitabu cha karatasi kinagharimu kama shilingi 67 kwa mtu kwa saa, faili kama 19. Lakini kundi likikichoka baada ya mikutano mitatu, kile cha karatasi kinapanda hadi 268. Idadi ya mikutano ndiyo inayoamua kila kitu, na hatua zinazofuata ni njia za kuikisia kabla fedha hazijatoka.

Hakikisha pia kwamba kitabu kinajitegemea. Vingine ni nyongeza ya kitabu kingine: kitabu cha nguvu za mashujaa cha mfumo wa Savage Worlds, kwa mfano, hakichezeki bila kitabu kikuu cha mfumo huo. Maelezo ya duka husema hivyo, ila kwa herufi ndogo na chini kabisa. Ukikosa kuyasoma umenunua nusu ya mchezo.

2. Soma kurasa za bure, na uzisome kutoka nyuma

Wachapishaji wengi hutoa kijitabu cha kuanzia bila malipo, na maduka kama DriveThruRPG huonyesha kurasa za mwanzo za vitabu vingi. Kanuni za Mutants & Masterminds, mmojawapo wa michezo hii ya mashujaa, zinasomeka mtandaoni bure na kwa halali, kwa sababu zilitolewa kwa leseni huria. Kitabu kisichoonyesha hata ukurasa mmoja wa kanuni, picha tupu, kiache kwanza.

Ruka dibaji. Anza na faharasa ikiwa imeonyeshwa. Tafuta mambo matatu yatakayotokea usiku wa kwanza: mtu kuanguka kutoka juu, mtu kurusha kitu kizito, na mtu kumkamata mwenzake asiondoke. Kitabu cha kurasa 300 chenye faharasa ya ukurasa mmoja kitakufanya upekue huku watu wanatazama simu zao.

Kisha yaliyomo. Toa penseli ujumlishe: kurasa ngapi ni kanuni, ngapi ni nguvu, ngapi ni historia ya mji wa kubuni wa Marekani pamoja na meya wake na magenge yake. Kama wewe utaupeleka mchezo Mkomani au Shela, zile kurasa za mji ule hazikufai kitu. Zikiwa theluthi ya kitabu, kata theluthi ya thamani yake kichwani mwako. Hatusemi ni mbaya. Mwenye kutaka kucheza ndani ya mji ule anapata faida kubwa. Lakini huwezi kulipia nyumba usiyokusudia kuikaa.

Mwisho wa hatua hii ni mtihani wa lugha. Kitabu ni cha Kiingereza, mchezo utakuwa wa Kiswahili. Chukua maelezo ya nguvu moja, yasome, funga, kisha mweleze mtu kwa Kiswahili inavyofanya kazi. Ukipita dakika mbili, au ukirudi kuchungulia mara tatu, kanuni hiyo ni nzito au imeandikwa ovyo. Zidisha uzito huo kwa nguvu zote ambazo wachezaji watano watachagua.

3. Mjenge Fumo Liyongo

Hapa ndipo kitabu kinapojulikana. Chukua shujaa ambaye kila mtu mezani anamjua, ili pasiwe na ubishi kuhusu uwezo wake, umwandike kwa kanuni za kitabu. Mashujaa wa mwandishi wamechaguliwa waingie vizuri katika mfumo wake. Liyongo hakuchaguliwa na mtu. Mambo yake yanatosha kuulemea mfumo wowote: mkoba wenye kinu, jiwe la kusagia na mafiga ndani yake, panda aliyoipuliza mpaka ikapasuka, upinde usiokosa, mwili usiodhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na kutoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa.

Anza na nguvu za mikono. Je, kitabu kinaunganisha namba na uzito? Champions, mchezo wa 1981, unafanya hivyo: nguvu 10 huinua kilo 100, na kila ukiongeza 5 uzito unakuwa mara mbili, kwa hiyo nguvu 30 ni kilo 1,600. Mutants & Masterminds huongeza mara mbili kwa kila daraja moja, na daraja la 10 ni takriban tani 25 za Kimarekani. Masks, mchezo wa vijana mashujaa uliotoka 2016, hauna kilo wala tani. Hadithi ndiyo inayoamua. Njia zote zinafaa, ila ujue watu wako. Kundi linaloweza kubishania dhumna mpaka alfajiri linahitaji jedwali la kilo.

Pili, mwili usiodhurika. Kuna namna tatu za kuuandika: kupunguza kila pigo kwa kiasi fulani, kupuuza kabisa mapigo yaliyo chini ya kiwango, au kutamka tu kwamba hadhuriki. Jaribu hivi: watu ishirini dhaifu wampige fimbo moja moja. Kama mfumo unapunguza tu na kila fimbo inaacha alama kidogo, Liyongo atauawa na kundi la vijana wa fimbo. Hilo ni kosa la mfumo, wala huwezi kulirekebisha bila kuvuruga mengine. Na kama kinga kamili inauzwa kwa pointi chache kati ya zile ambazo mchezaji hupewa za kumjengea shujaa wake, wachezaji wote watano wataichukua, na hapo hakuna hatari tena mezani.

Tatu, sindano. Hili ndilo swali linalotenganisha vitabu. Katika mifumo ya mtindo wa Champions, udhaifu ni sehemu ya hesabu ya pointi wakati wa kumjenga mhusika. Tatizo lake linajulikana: mchezaji mjanja anachagua udhaifu ambao hautatokea kamwe. Nani hutembea na sindano za shaba? Amepata pointi za bure. Msimulizi mzembe akikubali, mhusika huyo anawapita wenzake tangu siku ya kwanza. Katika Mutants & Masterminds udhaifu hauleti pointi za kujengea. Kila msimulizi anapouingiza kwenye hadithi ukamletea mhusika taabu, ndipo mchezaji anapewa pointi ya kishujaa ya kutumia baadaye. Sasa mchezaji mwenyewe anaombea sindano itokee. Sisi tunaupendelea utaratibu huu wa pili, na kitabu chenye ule wa kwanza tunakidai maelezo marefu ya kumsaidia msimulizi kukataa.

Nne, gereza. Liyongo hakuvunja ukuta kwa ngumi. Mama yake alituma mkate, kijakazi Saada akaupeleka, na watu wakaimba na kupiga matoazi ili mlio wa tupa usisikike. Tafuta ndani ya kitabu kanuni za kusaidiwa na watu, za mpango wa pamoja, za kufanikisha jambo bila kupigana. Kitabu kinachopima ngumi peke yake kitachosha haraka, hata picha zake ziwe nzuri vipi.

Baada ya hapo mwandike Saada kama mhusika wa mchezaji wa pili. Mtu wa kawaida, jasiri, mwenye akili. Waweke meza moja. Je, ana la kufanya katika kila tukio, au anangoja Liyongo amalize? Pengo hili ndilo ugonjwa mkubwa wa michezo ya mashujaa. Mutants & Masterminds hulitibu kwa dari: shabaha na ukali wa pigo, vikijumlishwa, visizidi mara mbili ya kiwango cha mchezo, yaani namba ya nguvu inayowekwa mwanzoni kwa mashujaa wote. Mwenye pigo zito analipia kwa shabaha ndogo, mwenye pigo jepesi anaweza kuwa na shabaha kubwa. Masks hulipuuza pengo la misuli kabisa na kuwapima vijana kwa hisia na jinsi wanavyojiona. Kitabu kisicho na jibu lolote kinamwachia msimulizi kazi ya kulijibu kila wiki.

Weka saa wakati wa kuandika. Mfumo wa pointi humla mtu mgeni saa moja au mbili; Mutants & Masterminds kwa kiwango cha 10 hukupa pointi 150 za kugawa. Masks ina aina kumi zilizokwisha pangwa, unachagua na kujaza, na nusu saa inatosha. Ikiwa kitabu ni cha pointi, hakikisha kina mashujaa waliokamilika au vifungu vya kuchukua na kubadilisha. La sivyo usiku wa kwanza wote utakwisha kwa kujumlisha na kutoa.

4. Pigisha pambano moja la raundi nne, peke yako

Huhitaji wachezaji. Kaa na karatasi mbili ulizoandika, ongeza mashujaa wawili wowote, na uweke tukio hili: gati ya Mokowe, boti ya abiria 12 inaingia maji, adui wawili wenye nguvu, vibaraka sita. Cheza raundi nne na uandike dakika.

Zamu ya dakika tatu kwa kila shujaa, mashujaa wanne, raundi nne, ni dakika 48, na adui bado hawajahesabiwa. Wanaokutana baada ya Isha na kutawanyika saa tano wana kama saa mbili na nusu. Pambano la saa moja na robo limekula nusu ya kikao. Usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, watu hukesha mpaka daku na mfumo mzito unavumilika. Miezi mingine hapana.

Tazama mahali muda unapopotelea. Champions hutupa dadu nyingi kwa pigo moja, kumi au kumi na mbili kwa shujaa wa kati, na kila tupo huhesabiwa kwa njia mbili: jumla ya namba kwa kuzimia, kisha hesabu nyingine kwa madhara ya mwili. Dadu kumi na mbili hutoa wastani wa 42, na mgeni huzihesabu kwa kidole. Masks hutupa dadu mbili: kati ya matokeo 36, bila nyongeza, 15 ni kushindwa, 15 ni kufaulu kwa gharama, 6 ni kufaulu kwa ukamilifu. Zamu haipiti bila kitu kutokea. Kwa dadu ya pande 20 kila upande ni asilimia 5, kwa hiyo shujaa anayehitaji 11 au zaidi hukosa nusu ya zamu zake. Ukiona mhusika wa mfano kitabuni anakosa namna hiyo, ujue pambano litaburuta. Shabaha ya asilimia 60 hadi 75 ndiyo huleta raha.

Vibaraka nao: lazima waanguke upesi. Kwenye Mutants & Masterminds kibaraka akishindwa kustahimili pigo mara moja tu, ametoka. Kitabu kinachokutaka ufuatilie afya ya vibaraka sita mmoja mmoja kitakuchosha kabla ya wachezaji.

Na ile boti? Ikiwa umemaliza raundi nne na abiria hawajatajwa popote katika kanuni, umepata jibu: kuokoa watu, kazi ya kwanza ya shujaa, utaibuni mwenyewe.

5. Sehemu ya msimulizi

Hii ipime haraka. Hesabu wabaya walioandikwa kikamilifu, wenye namba zote. Chini ya kumi ni haba. Lazima pawe na kisa kimoja cha kuchezwa usiku wa kwanza bila kuandaa. Angalia kitabu kinasema nini kuhusu nguvu zinazoua hadithi, kama kusoma mawazo, kuona yajayo, kurudi nyuma katika wakati. Vitabu vya familia ya Champions huziwekea alama ya kusimama, msimulizi ajue pa kuangalia kabla ya kuruhusu. Kitabu kinachoziorodhesha katikati ya nguvu za kawaida bila onyo hakijachezwa vya kutosha na waliokiandika.

Kama kitabu kimeanguka hatua ya 3 na ya 4, kiache, hata kikitolewa bure. Kikipita hizo na kulegea hii ya 5, nunua faili yake tu.

6. Dadu, na ruhusa ya mwenye nyumba

Dadu za pande sita zinapatikana ndani ya seti za ludo Lamu na Malindi, kwa hiyo mfumo unaozitumia hauongezi gharama. Za pande 20 huagizwa. Mbadala wake ni karata: chukua kopa na shupaza, toa karata za picha, hesabu ree mpaka kumi za kopa kuwa 1 hadi 10, za shupaza kuwa 11 hadi 20. Changanya, vuta moja, irudishe, uchanganye tena. Usiporudisha uwezekano unabadilika, na mwenye kumbukumbu nzuri atajua kilichobaki.

Kuna nyumba ambazo dadu na karata haziingii kwa sababu za dini. Hilo si la kubishana na mzee wa watu. Muulize kabla ya kununua, na ukiambiwa hapana tafuta mfumo usiotumia bahati au mahali pengine pa kukaa. Mwonyeshe pia kurasa za picha na za majini, kama zipo. Kitabu kisichoweza kufunguliwa sebuleni hakitachezwa.

7. Karatasi au faili

Kama umeamua karatasi, chunguza mshono. Tazama kitabu kwa juu, kwenye uti: ukiona mafungu ya kurasa zilizokunjwa na uzi katikati ya kila fungu, kimeshonwa. Ukiona kurasa zimekatwa sawa na kuzama ndani ya gundi, joto la Kaskazi litailegeza na kurasa za katikati zitatoka kwanza, kwa sababu ndizo zinazofunguliwa sana. Vitabu vinavyochapishwa kwa oda, kimoja kimoja, mara nyingi ni vya gundi, hata vyenye jalada gumu. Muulize muuzaji.

Karatasi ya kung'aa ikilowa hushikana, na ukizitenganisha wino unabaki upande wa pili. Kidakani pazuri kwa macho, lakini ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuurudisha kwa kitabu. Weka ubao nyuma yake, kisimamishe, usikilaze chini. Msimu wa masika kihamishie kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu; vibadilishe kila msimu.

Faili ina maradhi yake. Kabla ya kulipa soma ukubwa wake: zaidi ya MB 100 huzisumbua simu ndogo, na kila ukigeuza ukurasa utangoja. Hakikisha ina viungo vya kurukia sura na inakubali kutafuta neno. Kurasa za safu mbili zilizopangwa kwa karatasi kubwa hazisomeki kwenye simu bila kuzivuta huku na huku. Tableti ya inchi 10 ndiyo angalau. Maduka mengine hutoa toleo jepesi la kuchapisha, lisilo na picha za nyuma. Lipo? Lipakue hilo kwanza, maana picha za nyuma humaliza wino wa saiba na utatozwa bei ya rangi. Na usisambaze faili kwenye kundi la WhatsApp: mara nyingi jina la mnunuzi limeandikwa chini ya kila ukurasa. Chapisha karatasi za wahusika na muhtasari wa kanuni, wagawie, faili ibaki kwa aliyelipa.